Mashua za Modeli na Klabu za Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mashua ndogo za matanga zilishindana kwenye mabwawa ya Uingereza na Marekani miaka mingi kabla ya redio, na anayezisikia kwa mara ya kwanza huuliza usukani ulishikwa na nani. Haukushikwa na mtu. Nahodha alisimama ukingoni, akapanga matanga yake, akakiachia chombo, na kuanzia hapo kazi yote ilikuwa ya chombo na upepo. Majibu ya hapa chini yanahusu hasa kipindi cha kati ya miaka ya 1870 na Vita vya Pili vya Dunia, wakati ufundi huo ulipokua na kukomaa.

Hivi si vidude vya watoto tu?

Vya watoto vilikuwepo, tena vingi. Mashua za Star Yachts za Birkenhead, kwa mfano, ziliuzwa madukani na kuelea kila mahali palipokuwa na maji na mtoto. Mashua ya mashindano ni kitu kingine. Ile ya Daraja A, iliyokuwa ndiyo kubwa katika mashindano ya kimataifa, ilikaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 25 hivi, na mlingoti wake ulimpita mwenyewe kwa kimo. Ilichukua majira mazima ya baridi kuijenga. Mtu aliyefika nayo bwawani kwa mkokoteni alikuwa anakwenda kupimwa ufundi wake mbele ya mafundi wenzake.

Klabu za kwanza zilianza wapi?

Wajenzi wa meli wamechonga modeli tangu kale. Wengi wao hawakuchora kwanza: walichonga nusu ya umbo la chombo kwenye kipande cha mbao, wakaiangalia, wakaipapasa, wakairekebisha, kisha wakapima vipimo vya chombo kikubwa kutoka kwenye mbao hiyo. Kutoka hapo hadi kuweka mlingoti na kuona kama itakwenda ni hatua fupi.

Klabu zenye kanuni na vikombe zilijitokeza Uingereza katikati ya karne ya 19. Ni enzi ileile ambayo mashindano ya mashua kubwa yalikuwa habari ya magazeti, hasa baada ya skuna iitwayo America kuvuka Atlantiki mwaka 1851 na kuwashinda Waingereza kwenye maji yao wenyewe, kuzunguka kisiwa cha Wight. London ilikuwa na mabwawa ya bustani za umma, na wenye mashua ndogo wakayahamia. Mwaka 1876 kikaundwa chama kwenye Round Pond ya bustani za Kensington, bwawa lililochimbwa zamani za Mfalme George II kwa ajili ya uzuri wa bustani tu, bila mtu kuwaza mashindano. Huko Clapham, upande wa kusini wa jiji, Long Pond nayo ikapata wenyewe. Mwaka 1911 klabu za Uingereza ziliunda chama cha taifa ili kanuni ziwe moja, na Wamarekani wakafuata na chama chao mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Nani hasa walikuwa wakijenga?

Kila aina ya mtu, na hilo ni jambo la kuzingatia katika nchi iliyopenda sana kutenganisha watu kwa matabaka. Kwenye mito ya Clyde na Tyne walikuwa mafundi wa viwanda vya meli, waliotoka kazini na kwenda kujenga tena kwa furaha yao. London walikuwa makarani, maseremala, madaktari, maofisa wastaafu wa jeshi la maji. Mashua kubwa ya mashindano ilikuwa mali ya tajiri, yenye mabaharia wa kulipwa. Mashua ya modeli ilihitaji mbao, risasi (ile metali nzito), kitambaa na subira. Ukiwa na mikono mizuri na jicho la kuona mstari ulionyooka, ungeweza kumshinda mwenye fedha kuliko wewe, na wengi walifanya hivyo.

Wachache waliifanya kuwa riziki. W. J. Daniels alikuwa mmoja wao: mchoraji na mjenzi wa London ambaye kwa miongo kadhaa michoro yake ilifuatwa na wajenzi wa nyumbani kila pembe ya Uingereza.

Kwa nini wasichukue ramani ya mashua kubwa na kupunguza vipimo?

Walijaribu, na mashua zikalala ubavu. Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote ya ujenzi huu, kwa hiyo tuende taratibu.

Chukua mashua nzuri, kisha punguza kila kipimo chake kwa nusu. Eneo la tanga linapungua mara 4, kwa sababu ni urefu mara upana. Nguvu ya upepo ya kuinamisha chombo inategemea eneo hilo pamoja na urefu wa kwenda juu ambako upepo unasukuma, kwa hiyo inapungua mara 8. Hadi hapo ni vizuri. Sasa tazama kinachokizuia chombo kisipinduke: uzito wake, ambao umepungua mara 8, ukizidishwa na umbali ambao uzito huo unashikia, nao umepungua mara 2. Jumla, nguvu ya kusimama imepungua mara 16. Upepo wa bwawani haukupungua hata kidogo, ni uleule. Kila unapopunguza, chombo kinakuwa dhaifu zaidi mbele ya upepo uleule.

Dawa yake ni mkuku (uti wa chini wa chombo) unaokwenda chini sana, na risasi nyingi kadiri inavyowezekana chini kabisa ya mkuku huo. Ndiyo sababu mashua ya modeli ya mashindano ikiwekwa mezani inaonekana ya ajabu kwa mtu aliyezoea vyombo vikubwa, kwani sehemu iliyo chini ya maji ni ndefu kupita kiasi na sehemu kubwa ya uzito wote ni risasi. Wajenzi waliofahamu hili mapema walikuwa na miaka kadhaa ya ushindi kabla wengine hawajawaelewa.

Kasi yake ilikuwaje?

Chombo kinachopasua maji hubanwa na wimbi lake chenyewe, na kikomo cha kasi hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake majini. Mashua yenye urefu wa mita 1.2 kwenye mstari wa maji hufikia karibu kilomita 5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na mchezo wote ulijengwa juu ya bahati hiyo njema: nahodha aliweza kutembea ukingoni sambamba na chombo chake tangu mwanzo hadi mwisho. Upepo ukiwa mkali nyuma, alikimbia.

Kiunzi kilitengenezwaje?

Njia kongwe ilikuwa kuchonga gogo moja na kulitoa matumbo, kama mtumbwi. Ilipoteza mbao na ilipasuka. Njia iliyopendwa na wengi ikawa ya matabaka: unachukua mbao za unene wa inchi 1 hivi, kila moja unaikata kwa umbo la chombo kwenye kimo chake, unaitoboa katikati ili usije ukahangaika kuchimba baadaye, kisha unazibandika moja juu ya nyingine. Zikishashikana unapata kitu chenye ngazi ngazi pande zote. Unaanza kuchonga nje kwa randa na patasi hadi pembe za ngazi zitoweke, na zinapotoweka zote, umefika kwenye umbo lililochorwa. Ndani unachonga hadi ubaki na unene wa robo inchi au pungufu. Wengine waliinua chombo dirishani na kutazama mwanga ukipenya kwenye mbao, wajue wapi bado ni nene.

Njia ngumu zaidi, iliyotoa chombo chepesi zaidi, ilikuwa ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na mbao nyembamba kama chombo cha kweli. Fundi wa jahazi wa Lamu au Zanzibar, ambaye kwa desturi huanza na mbao na kutia mataruma baadaye, angekuta hapa kinyume chake: mataruma husimamishwa kwanza juu ya meza, kila moja kwenye alama yake, kisha mbao za upana wa kidole hufungwa juu yake moja moja. Kila mbao inaanza nyembamba omoni (mbele), inapanuka katikati, inarudi nyembamba tezini (nyuma). Ukikosea ya kwanza, kosa linakufuata hadi ya mwisho.

Gundi ndiyo ilikuwa shida. Gundi za wakati ule zilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama na hazikupenda maji, kwa hiyo fundi makini hakuitegemea gundi peke yake. Alitia misumari ya shaba, akaziba maungio kwa rangi nzito, kisha akapaka vanishi nje na ndani, tabaka juu ya tabaka, akisugua kwa msasa kati ya kila tabaka.

Na risasi ya mkukuni?

Iliyeyushwa nyumbani, mara nyingi jikoni, jambo ambalo leo hakuna anayepaswa kuliiga. Fundi alichonga kielelezo cha mbao, akatengeneza kalibu ya mchanga au plasta, akamimina. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa linalifikia bila taabu. Hatari kubwa ni unyevu: tone la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke mara moja na kurusha risasi ya moto usoni mwa mtu. Kalibu ilikaushwa kwa siku nyingi.

Baada ya kumimina, kipande kilipimwa, kikakatwa, kikapimwa tena. Farumi, yaani uzito huo wa chini, ikikosewa hata kidogo kwa kwenda mbele au nyuma, omo linazama au tezi inaburuta maji.

Matanga yalikuwa ya kitambaa gani?

Pamba nyembamba iliyofumwa kwa ukaribu, iliyokatwa kwa uangalifu ili ukingo wa nyuma wa tanga ufuate uzi wa kitambaa usivutike. Matanga hayakukunjwa, yaliviringishwa kwenye mti, maana mkunjo mmoja huharibu upepo unavyoteleza juu ya kitambaa. Mwenye mashua alikuwa na seti kadhaa, kubwa ya upepo mwanana na nyingine zinazopungua kadiri upepo unavyokaza. Kuchagua seti asubuhi ya mashindano kulikuwa nusu ya vita.

Sasa, kama hapakuwa na mtu wala redio, chombo kilijiongozaje?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake lilichukua zaidi ya nusu karne.

Ni lazima kwanza kutofautisha njia mbili. Kuna kupanda upepo kwa kupiga bisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata upande huu na ule, na kuna kwenda na upepo wa tezi, unaotoka nyuma. Katika kupanda upepo, chombo kilichojengwa vizuri kinaweza kujiongoza bila usukani kabisa. Ukikaza tanga la mbele kuliko kuu, omo linaanguka kutoka kwenye upepo. Ukikaza tanga kuu, omo linapanda. Ukisogeza mlingoti mbele au nyuma hata kwa upana wa kidole, tabia inabadilika. Nahodha alitafuta mahali ambapo chombo kikipanda mno matanga yanapoteza nguvu na kukirudisha, na kikianguka mno kinainama na kujivuta juu. Kikipata mizani hiyo, kinakwenda mstari mmoja kama kimeshikwa na mkono usioonekana. Lakini hilo linawezekana tu kama umbo la chombo lenyewe haligeuki tabia linapoinama, na vyombo vingi viligeuka. Katika miaka ya 1930, Admirali Alfred Turner, mhandisi wa jeshi la maji la Uingereza, alitoa nadharia ya kukadiria kwenye ramani, kabla ya kukata mbao, kama chombo kitabaki na mizani kikiinama. Ilibishaniwa sana, na mashua za modeli zikawa mahali pa kuijaribia.

Kwenda na upepo wa tezi ndiko kulikowatesa. Upepo ukitoka nyuma na kuzidi ghafla, tanga kuu lililofunguliwa upande mmoja hukigeuza chombo kwa nguvu kuelekea upepo. Dawa ya kwanza ilikuwa usukani wenye uzito wa risasi. Chombo kinapoinama, uzito unaangukia upande wa chini na kuupeleka usukani upande huo, omo likazuiwa lisipande. Nahodha alikuwa na sukani kadhaa za uzito tofauti na alizibadilisha kulingana na upepo. Ilifanya kazi kwa namna yake, ila usukani uliitika mwinamo wa chombo. Chanzo cha mwinamo huo, yaani upepo, usukani haukukijua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 George Braine, wa chama cha Kensington, alileta mtambo ulioitwa kwa jina lake. Juu ya mhimili wa usukani aliweka kipande chenye umbo la robo duara. Kamba ya demani ya tanga kuu haikufungwa tena kwenye sitaha, ilifungwa kwenye kipande hicho. Upepo ukizidi, tanga linavuta kamba, kamba inavuta robo duara, usukani unageuka kwa kiasi kilekile ambacho tanga limetaka kukigeuza chombo. Upepo ukipungua, kamba ndogo ya mpira inaurudisha usukani katikati. Nguvu iliyoleta tatizo ndiyo iliyolitibu. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mawazo mazuri kuliko yote katika historia ya vyombo vidogo: kamba, kipande cha shaba na mpira, basi. Kwa takriban miaka 30 mtu aliyetaka kushinda hakuwa na budi kuutumia.

Nimesikia usukani wa upepo ulitoka Norway. Ni kweli?

Katika mashindano makubwa, ndiyo. Mwaka 1935 Sam Berge wa Norway alikuja Uingereza na mashua ya Daraja A iitwayo Prince Charming II. Nyuma yake ilikuwa na kibao chepesi kilichosimama kama bendera, kikizunguka juu ya mhimili wake na kuunganishwa na usukani kwa mkono mdogo. Nahodha anachagua pembe kati ya chombo na upepo, anakaza. Chombo kikitoka kwenye pembe hiyo, kibao hakitoki, kinabaki kimeelekea upepo, na tofauti hiyo ndiyo inayougeuza usukani mpaka chombo kirudi.

Mtambo wa Braine ulitumia nguvu ya tanga, huu ulitumia mwelekeo wa upepo wenyewe, na ulifaa kwa kupanda upepo na kwa kuteremka pia. Baada ya vita karibu kila mshindani makini alikuwa nao, pamoja na aina iliyoboreshwa ambayo chombo kikigeuzwa kwa mti ukingoni, kibao kinajipanga chenyewe kwa upande wa pili.

10-Rater, Daraja A, Marblehead: majina haya yanamaanisha nini?

Ni madaraja ya vyombo, na kila daraja ni fumbo la hesabu ambalo mjenzi alipaswa kulifumbua.

Kanuni za zamani za Uingereza zilihesabu tani kwa namna iliyoadhibu upana. Matokeo yake katika miaka ya 1870 na 1880 ni mashua nyembamba mno na za kina kirefu, kubwa na ndogo, kwa sababu kila inchi ya upana ilitozwa. Kisha ikaja kanuni ya Dixon Kemp, inayozidisha urefu wa mstari wa maji kwa eneo la tanga na kugawanya kwa 6000. Kwa modeli, vipimo vilichukuliwa kwa inchi, na jibu likiwa 10 basi hiyo ni 10-Rater. Hesabu ni nyepesi, uamuzi ndio mzito: ukichagua mstari wa maji wa inchi 40, unapata inchi za mraba 1500 za tanga, ukitaka inchi 50, unabaki na 1200. Chombo kirefu kina kasi kwenye upepo mkali, chombo kifupi chenye tanga kubwa kinawaacha wengine upepo ukiwa mwanana. Hukujua siku ya mashindano upepo utakuwaje, na mashua ulikuwa umeshaijenga.

Daraja A lilitoka kwa Malden Heckstall-Smith, mhariri wa jarida la Yachting Monthly, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alitaka modeli zenye tabia za chombo cha baharini, zenye uzito wa kutosha, zisizokwepa kanuni kwa ujanja. Kombe la jarida hilo likawa tuzo kuu ya kimataifa, na bwawa la Gosport, mji ulio mkabala na Portsmouth ng'ambo ya bandari, likapokea wageni kutoka Ulaya na Marekani. Huko ndiko Berge alikoonyesha kibao chake.

Marblehead ni mji mdogo wa pwani ya Massachusetts. Roy Clough wa klabu ya huko alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kanuni yenye namba mbili: urefu usiozidi inchi 50 (sentimita 127), tanga lisilozidi inchi za mraba 800. Mengine karibu yote uamue mwenyewe. Mashua ya ukubwa huo iliingia nyuma ya gari, ilijengwa kwa mbao chache, na haikuhitaji mhasibu wa kuipima. Ndani ya miaka michache ilikuwa imekubaliwa kimataifa, na daraja hilo linaishi hadi leo kwenye mashua za redio.

Siku ya mashindano ilikuwaje?

Vyombo viwili viwili. Kila mashua ilikutana na kila nyingine, na kila jozi ilikwenda mara mbili: mara moja kupanda upepo, mara moja kuteremka. Aliyeshinda kupanda alipata pointi 3, aliyeshinda kuteremka pointi 2, kwa kuwa kupanda upepo ndiko kunakopima chombo na nahodha.

Fikiria vyombo 12 tu. Hizo ni jozi 66, kila jozi mbio mbili. Mashindano makubwa yalichukua siku kadhaa, na mtu alitembea ukingoni kutwa nzima, kwa mvua na jua. Pointi za juu kabisa kwa nahodha mmoja hapo ni 55, na aliyezikaribia alistahili kombe lake.

Kila nahodha alikuwa na msaidizi, mmoja ukingo huu na mwingine ule. Chombo kilipofika ukingoni kiligeuzwa kwa mti mrefu wenye mpira kwenye ncha, kikarudishwa upande wa pili wa upepo. Kukigeuza ni halali, kukisukuma mbele ni haramu, na waamuzi walikuwa wakali juu ya hilo. Vilipogongana, mbio zilirudiwa.

Kulikuwa na ujanja mmoja mzuri wa ukingoni. Tuseme upande mmoja wa bwawa una upepo bora, na hutaki chombo kikavuke hadi ng'ambo. Unafunga kamba ya mpira kwenye mti wa chini wa tanga kuu, unakiachia kwa mwendo mfupi, na mpira unalivuta tanga hadi chombo kinajigeuza chenyewe na kurudi kwako. Mpira ukikazwa kidogo mno hakirudi, ukikazwa sana kinarudi mapema na kupoteza njia.

Marekani walishindana kwa namna hiyo hiyo?

Kwa sehemu. Mwanzoni wengi wao, hasa New York na maeneo ya pwani, walishindana kwenye maji ya wazi, na nahodha alikifuata chombo chake kwa kupiga makasia, akikigeuza kutoka kwenye boti. Mabwawa maalumu yalipochimbwa, mtindo wa kutembea ukingoni ukashika. San Francisco, yenye klabu tangu 1898, ilipata ziwa lake la Spreckels ndani ya bustani ya Golden Gate mwaka 1904, na ni miongoni mwa maziwa mazuri kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa kwa kazi hii.

Je, mchezo huu uliwahi kuwafaa wenye vyombo vikubwa?

Sana. Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja. Francis Chichester alishinda kwa siku 40, na Blondie Hasler, mwenye wazo la mashindano yenyewe, akafika wa pili kwa siku 48. Wote wawili walikuwa na usukani wa upepo tezini, uliowaacha walale na kupika chombo kikienda. Watu wa mabwawa walikuwa wametumia kifaa cha namna hiyo kwa miaka 25.

Redio ilipoingia ilibadilisha nini?

Ilimrudishia nahodha usukani, na mbio zikawa za vyombo vingi kwa pamoja badala ya jozi. Mizani ya chombo ikapungua umuhimu, kwa kuwa kosa lake linarekebishwa kwa kidole. Sisemi ni vibaya, ni mchezo mwingine mzuri. Lakini vyombo vinavyojiendesha havikufa: Gosport na kwingineko bado wapo wanaokutana na miti yao ya kugeuzia.

Kuna uhusiano wowote na pwani ya Afrika Mashariki?

Sijui klabu ya aina hiyo huku kwetu, na sitalazimisha. Sisi tuna resi za ngalawa na majahazi, ambamo watu wamo ndani ya chombo. Kuna jirani mmoja wa kihistoria anayenifurahisha, hata hivyo. Mji unaopakana na Marblehead ni Salem, na wafanyabiashara wa Salem ndio waliokuwa wakileta merikani (kitambaa cha pamba) Zanzibar katika karne ya 19. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, aliyeanza kazi 1837, alitoka huko.

Nikitaka kujenga moja leo kwa vifaa vya hapa, nianzie wapi?

Anza na vipimo vya Marblehead, kwa sababu inchi 50 zinabebeka na michoro ya zamani ni mingi. Njia ya matabaka inamfaa anayeanza. Usitumie mninga wala mvule kwa kiunzi: ni mbao nzuri sana lakini nzito, na kila gramu unayoitia juu unaiondoa kwenye farumi. Paini ya Sao Hill au saipresi inafaa, mradi uchague kipande kisicho na vifundo na kilichokauka sawasawa. Gundi ya leo isiyoogopa maji imekuondolea shida iliyowasumbua wazee. Tanga la kitambaa cha nailoni cha mwavuli litakutosha kwa chombo cha kwanza.

Kwa risasi, nunua chubwi za wavuvi, usivunje betri za magari, kwani zina asidi na vumbi la sumu. Kama huna mahali pa wazi pa kuyeyushia, usiyeyushe: jaza chubwi ndogo ndani ya kalibu na uzishike kwa gundi ngumu. Mkuku utakuwa mnene kidogo, lakini utakwenda.

Kisha tafuta maji yaliyotulia yenye upepo usiokatwa na miti. Siku ya kwanza funga usukani katikati, acha tanga kuu wazi zaidi kidogo kuliko unavyodhani inafaa, kiachie chombo kipande upepo, na utazame kama omo linapanda au linaanguka. Likipanda, sogeza mlingoti mbele. Likianguka, urudishe nyuma. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike.